Ngeli

Leo usikaange kitunguu, Owori.
Hata nje, hata kwa jirani.
Kula muhogo wako mkavu, unisamehe,
na ile sabuni yako ya kijani uifunge kwenye mfuko
uutundike mbali, kwenye msumari wa choo.
Pua yangu imekuwa ya mbwa wa polisi:
inajua Mama Akongo wa ng'ambo ya ukuta
amefungua gunia la dagaa saa ngapi,
inajua mvua kabla ya bati.

Saa kumi na moja alfajiri, beseni.
Maji, halafu nyongo, halafu sauti tupu.
Nafungua redio isome bei za mahindi,
inifunikie.
Kisha nanawa, najifunga kilemba, naenda kufundisha.
Nimemwambia Ochwo wa bodaboda
apande pole matuta ya barabara ya kiwandani;
nimesingizia mgongo.
Kacheka: mwalimu, umezeeka.

Darasa la tano. Ubaoni: M-WA, KI-VI.
Mtu anakuja. Kitu kinakuja.
Chaki inanukia kama udongo ulioonja mvua,
nami nageukia ubao, nang'ata kidogo.
Okecho kanyosha mkono:
Mwalimu, na kifaranga? Kinakuja au anakuja?
Anakuja, namwambia. Chenye uhai,
hata kikianza na ki, ni a.
Na yai?

Hapo niliwaomba watoto ruhusa
nikakimbilia nyuma ya tangi la maji.

Mwaka jana niliharakisha, unakumbuka.
Wiki ya tano tu, nasema amelala,
nasema anataka ndimu,
nasema ana hasira za baba yake.
Wiki ya tisa, Tororo nzima giza, umeme umekatika,
muuguzi akanimulika kwa simu yake, akasema: imetoka.
I.
Ngeli ya nyumba, ngeli ya nguo,
ya kalamu iliyotoka mfukoni njiani.

Ndiyo maana safari hii sitaji.
Dada yako kaleta kitambaa cha manjano,
cha pazia, kasema, macho yake kifuani pangu.
Usikate kanzu mwana hajazaliwa;
mimi mkasi wenyewe nimeuazima watu.
Kalenda siigusi. Uji wa wimbi na ukwaju
ndio peke yake unaokubali kukaa,
basi kila Jumapili naweka mbegu moja ya ukwaju
ndani ya kopo la siagi, juu ya kabati.
Ziko saba.
Ukifagia, usilitikise.

Juzi niliamka mzima.
Nilisubiri. Nikaenda jikoni kunusa kitunguu kwa makusudi.
Nikanusa soksi zako, Owori, zote mbili.
Hakuna.
Sijawahi kuogopa afya kama asubuhi ile.
Nikafundisha kama mtu abebaye maji kwenye ungo,
hadi saa nne, katikati ya kuita majina,
Nyafwono yupo, Oboth yupo,
tumbo likapinduka
nikayamwagia maua ya mwalimu mkuu
nikabaki nimeinama pale, nacheka, machozi na makamasi,
na mpishi wa shule, kwa mbali, akanitazama
akarudi kwenye sufuria yake bila neno.
Yule naye anajua. Basi.

Jioni hii umeniuliza kwa sauti ya chini,
ukichagua silabi kama mtu avukaye matope:
Leo... kimekusumbua?

Nilikuwa nakoroga uji. Sikufikiri.
Hapana, nikasema. Amelala.

Mwiko ukasimama.
Nje vumbi la saruji lilikuwa likishuka
juu ya nguo tulizosahau kuanua.
Hukusema kitu.
Ukatoka kuzikung'uta, moja moja,
muda mrefu kuliko nguo zenyewe.